Kuvua samaki mu Minecraft: maswali yenye munaniulizaka kila siku

Kila mutu mupya mwenye anaingia mu serveri yetu ya Minecraft, ile mchezo ya kujenga na kuchimba yenye kila kitu iko ya bloki, anafanyaka bitu bile bile: siku ya kwanza anajenga kanyumba ka mbao, siku ya pili creeper, ile kinyama ya kijani yenye inalipukaka, anaipasula, siku ya tatu anaikala pembeni ya maji na fimbo na anaanza kuniuliza. Maswali ni ile ile, ikuwe ya batu ya Himbi, ya Birere, ao ya bandugu zetu ya Bukavu benye banajifanya banajua maji kushinda sisi ya Goma. Njo maana nimeandika byote hapa. Kama swali yako iko na jibu hapa chini, saa tano ya usiku sitakujibu tena, unisamehe.

Hesabu zote ni za Java, ile Minecraft ya ordinateri, juu serveri yetu inatumika na ile. Benye banacheza ku simu basome kwanza swali ya 4.

## Ya kuanza

1. Fimbo ya kuvua inatengenezwaka na nini?

Bijiti 3 na nyuzi 2, ku meza ya kazi. Bijiti unabipanga mushazari, kutoka kona ya chini kushoto mpaka kona ya juu kulia, nyuzi mbili zinashuka chini ya kijiti ya juu upande ya kulia. Nyuzi unazipata kwa kuua buibui. Kama unaogopa buibui omba mutu, ku kijiji yetu nyuzi hazikosake.

2. Nimetupa boya mu maji, sasa nafanya nini?

Unangoja. Boya ni ile kitu nyekundu na nyeupe yenye inaelea. Kisha muda utaona mapovu madogo inakuja mbio mbio kwa boya sawa njia ya kitu yenye inaogelea, ile inachukuaka kati ya sekunde 1 na 4. USIKLIKE BADO. Batu benye banasema "fimbo yangu ni mubaya haikamate kitu" karibu bote banaklikaka ku mapovu. Ngoja boya izame na usikie ile sauti ya maji, pale njo unavuta. Kutoka pale uko na sekunde 1 mpaka 2, ikipita samaki ameenda na kungoja kunaanza upya.

Kama uko fasi ya makelele, jenereta ya jirani inanguruma ao batoto banalia, ingia mu mipangilio na uwashe maandishi ya sauti. Boya ikizama utaona imeandikwa ku kona ya ekrani. Mi nacheza vile siku zote, kwetu jenereta inazimwaka saa nne.

3. Ile samaki yenye niko naona inaogelea, njo yenye nitakamata?

Hapana. Kama utashika jibu moja tu kwa yote yenye nimeandika, shika hii, juu nusu ya maswali mengine inatoka hapa.

Mu ziwa yetu, mvuvi wa sambaza anatoka usiku na pirogi tatu za kufunga pamoja, anawasha taa, sambaza anafuata mwangaza, anaingia mu wavu. Ile ni samaki ya kweli yenye iko na fasi yake na tabia yake, na ata yeye ni mugeni, balimuleta mu Kivu kutoka Tanganyika mu 1959. Mutu mwenye amekomalia hapa anafikiri mu Minecraft pia itakuwa vile: atafute fasi yenye samaki ziko mingi, ajifiche, avue usiku, atupe mbali.

Wapi. Chini ya boya yako hakuna samaki. Kuko saa ya kificho yenye serveri imeweka, inahesabu kurudi nyuma, ikifika zero serveri inatupa kete na kete inasema umepata nini. Samaki zenye unaona zinazunguka ni za mapambo kwa upande ya fimbo, unaweza kuziua zote na utaendelea kukamata sawasawa. Unaweza ata kuvua mu shimo yenye wewe mwenyewe umechimba na kujaza maji na ndoo. Kama unataka kweli ile yenye unaona, ikiwa muzima, chukua ndoo ya maji na uklike juu yake, itaingia mu ndoo.

4. Nachezea ku simu, ni sawa tu?

Karibu sawa, lakini ile ya simu ni Bedrock, haiko Java, na haziingiliane: ku serveri yetu hauwezi kuingia na simu, usiniulize tena. Mambo mbili zenye zinabadilika sana: fimbo ya Bedrock inadumu mara 384 na ya Java ni 64, na ile sheria kali ya maji wazi yenye niko naeleza ku swali ya 14 Bedrock haina. Kwa hiyo kama ndugu yako wa simu anakuambia amepata kitabu ya uchawi mu kisima ya nyumba, hadanganye. Wewe ku ordi hautaipata.

## Kungoja

5. Samaki inakawia! Inapaswa kuchukua muda gani?

Bila uchawi wowote, kutoka sekunde 5 mpaka 30, serveri inachagua yenyewe. Kati kati ni kama 17 na nusu, ongeza ile ya mapovu, unafika kama sekunde 20 kwa kila samaki. Kama unaona yako inapita hapo kila mara, angalia kwanza juu ya boya kama kuko kitu, swali ya 7, kiisha uangalie kama serveri yenyewe iko inachoka, swali ya 18.

6. Kweli mvua inaleta samaki?

Eeh, hii njo moja kati ya mambo ya bazee yenye iko kweli. Mvua ikinyesha juu ya boya, ile saa inakimbia robo zaidi, maana yake kungoja kunapunguka kama asilimia 20. Lakini ni juu ya boya njo inapaswa kunyesha. Ukivua mu jangwa kwenye mvua hainyeshake, anga inaweza kuwa nyeusi namna gani, haikusaidie kitu.

7. Nimejenga paa juu ya kisima yangu, iko na shida?

Iko. Boya kama haioni anga, saa yake inatembea nusu kwa nusu, kungoja kunakuwa karibu mara mbili. Batu bengi banachimba kisima ndani ya nyumba juu ya kuogopa zombi, kiisha banalalamika.

Dawa ni rahisi: paa iwe juu yako, haipaswe kuwa juu ya boya. Serveri inaangalia fasi boya iko, haiangalie kichwa yako. Jenga baraza ku pembeni ya maji, ikala ndani, tupa boya inje. Zombi hakupate na mvua inakusaidia.

8. Usiku na muchana ni gani muzuri? Na mwezi?

Sawa tu, na mwezi pia haina neno. Najua ku Kivu mwezi ikiwa kubwa sambaza hafuatake taa muzuri, kwa hiyo mutu wa hapa anauliza hii swali na akili yake yote. Mu Minecraft usiku inaleta tu bile binyama bya kukuua ukiwa unaangalia boya.

9. Tukivua batu kumi mu ziwa moja, samaki zitapunguka?

Hapana, soma tena swali ya 3. Kila boya iko na saa yake. Batu kumi banaweza kutupa boya mu fasi moja na kila mumoja atapata yake. Kugombana juu ya "fasi yangu ya kuvua" muache, ilishakuwa bita mara mbili ku serveri na ni bure kabisa.

10. Appât naiuza wapi? Niitie ku fimbo namna gani?

Hii ni makosa ya luga. Mwenye ameweka Minecraft mu Kifaransa anaona neno Appât, anafikiri ni chambo, anaanza kutafuta minyoo. Mutu mumoja alichimba udongo masiku mbili. Appât ni uchawi wenye unaweka ku fimbo ku meza ya uchawi ao na kitabu ku enclume (ile chuma ya kuunganishia bitu), benye banacheza mu Kiingereza banaiona na jina Lure. Chambo ya kweli haiko mu hii mchezo.

Kazi yake ni kukata kungoja: kila ngazi inatoa sekunde 5, na mwisho ni ngazi ya 3. Serveri inachagua muda wake sawa ku swali ya 5, kiisha inatoa. Ikishuka chini ya zero inachagua tena. Kwa hiyo ngazi ya 3 haungoje kupita sekunde 15, na kati kati ni kama 7 na nusu. Ukilinganisha na 17 na nusu za mwanzo, ni fimbo ingine kabisa.

Na wewe mwenye uko na amri za mukubwa wa serveri na unataka kujipa Appât ya ngazi 10 juu uko mujanja: toa sekunde 50 kwa muda yenye haipitake 30, kila mara itakuwa chini ya zero, serveri itachagua tena na tena, na samaki haitakuja ata siku moja. Mi nilifanyaka. Nilingojea kama nusu saa mbele ya kuelewa.

## Binatoka nini mu maji

11. Chansi ni ngapi ya kila kitu?

Na fimbo ya kawaida, mu maji ya muzuri: samaki 85 kwa mia, takataka 10 kwa mia, hazina 5 kwa mia.

Ndani ya samaki: kodi 60 kwa mia (kodi ile ya kukula, hapana ile ya nyumba, ile ya nyumba inakuja mia kwa mia kila mwezi), samoni 25, samaki ya kuvimba 13, na ile ndogo ya rangi rangi, ya tropiki, 2 tu. Haina neno kama uko mu bahari ya joto ao mu mto ya baridi, chansi ni ile ile fasi zote. Kitu moja tu inabadilikaka na fasi ni bambu, ile unaipata mu takataka ukivua mu pori ya jungle.

Samaki ya kuvimba usikule. Inakupa sumu, njaa na kizunguzungu byote pamoja. Iweke, iko na kazi, angalia swali ya 22.

12. Takataka ni nini na nitupe?

Bote ya ngozi, ngozi, mifupa, nyama ya kuoza, bakuli, kijiti, nyuzi, chupa ya maji, kroshe ya mutego, fimbo ingine ya kuvua ya kuchakaa, wino 10 mara moja, na nenufari, ile jani ya kuelea, njo inatokaka sana. Usitupe byote. Ngozi ni ya bitabu, mifupa ni mbolea, nyuzi mwanakijiji mvuvi anazinunua. Nyama ya kuoza sawa, tupa, ao umupe imbwa yako, yeye haimuumize.

13. Hazina iko nini?

Bitu sita, na ikitoka hazina kila kimoja kiko na chansi sawa: upinde wa uchawi, fimbo ya kuvua ya uchawi, kitabu ya uchawi, etiketi ya jina, tandiko ya farasi, na gamba ya nautilus. Upinde na fimbo zinakuja na uchawi ya ngazi 22 mpaka 30 lakini zinakuwaka zimechakaa sana. Kitabu inakuja na nguvu ya ngazi 30, na inaweza kuwa na Raccommodage, ile Mending ya Kiingereza, yenye meza ya uchawi haikupake hata ulie. Kwa maoni yangu njo sababu ya kwanza ya kuvua. Samaki peke yake, haki, kufuga ngombe ni mbio zaidi.

14. Nimevua siku muzima, fimbo yangu iko na uchawi yote, na sijapata hazina ata moja. Serveri inaniibia?

Serveri haikuibie. Maji yako njo mubaya. Kabla ya 2020 ungeweza kuvua mu shimo ya bloki moja na kupata hazina. Versio ya 1.16, mwezi ya sita 2020, iliweka sheria ya maji wazi: kama maji hayako wazi, hazina inatolewa mu kete kabisa, zinabakia samaki na takataka tu. Si kusema chansi imepunguka. Ni zero. Unaweza kuvua mpaka Nyiragongo ipoe.

Maji wazi ni nini? Anzia ku bloki yenye boya iko. Hesabu bloki 2 kila upande, inakuwa 5 kwa 5. Ile tabaka yenye boya iko na ile moja ya chini yake zinapaswa kuwa maji tu. Tabaka mbili za juu zinapaswa kuwa hewa tu. Maji yenyewe ikuwe maji ya chanzo, ile ya kutulia. Maji yenye inatiririka kutoka fasi ingine haihesabiwe, kwa hiyo maporomoko yako ya mapambo ni muzuri kwa macho tu. Nenufari juu ya maji haina shida. Majani ya bahari ndani ya maji pia haina shida. Lakini bloki moja ya udongo, kizingiti, fensi, ngazi, kitu yoyote ya kugonga ndani ya ile sanduku ya 5 kwa 5, basi, imeharibika.

Mu matendo: simama ku pembeni ya ziwa ya kweli na utupe boya ikuwe mbali na udongo, maji ikuwe na bloki mbili kila upande ya boya na kina ya bloki mbili. Ni byote. Benye banataka kujichimbia kisima, kisima ya 5 kwa 5 na kina ya 2 inatosha lakini boya inapaswa kuanguka kati kati kabisa, ikiyumba bloki moja umepoteza, kwa hiyo mi nashauri 9 kwa 9 na usahau.

Kuko mutu (anajijua) mwenye alikuwa na kisima ya 2 kwa 2 chini ya ngazi ya nyumba. Paa juu, maji ndogo, fimbo ya mwisho kabisa. Alikuwa anangoja mara mbili ya muda na hazina zero, na alikuwa anatukana serveri kila siku. Tulimusindikiza ku bahari, dakika kumi akapata tandiko.

15. Chance de la mer inatumika mu bahari tu?

Jina inadanganya. Inatumika mu maji yote, ziwa, mto, shimo yako. Ni uchawi wenye unapandisha hazina na kushusha takataka, mu Kiingereza Luck of the Sea, nayo mwisho ni ngazi ya 3. Na ngazi ya 3 hazina inatoka 5 inafika 11,3 kwa mia, takataka inashuka mpaka 4,2, samaki inabaki karibu pale pale, 84,5. Lakini haivunje sheria ya swali ya 14: mara yoyote ya zero ni zero.

Fanya hesabu: kitabu ya uchawi ni moja ya sita ya hazina. Bila uchawi ni kama kitabu 1 kwa kuvuta mara 120. Na ngazi ya 3 ni kama 1 kwa mara 53. Na usiseme "nimevuta mara 53 iko wapi," kete haina deni na mutu.

## Fimbo

16. Fimbo inavunjika mbio sana, ni kawaida?

Java iko na nguvu 64. Kukamata kitu inakula 1. Kuvuta bure, bila kitu, haikule. Lakini ukikwamisha boya mu udongo na kuvuta inakula 2, ukivuta kitu ya kuanguka chini inakula 3, na ukivuta mnyama ao mutu inakula 5. Kwa hiyo wewe mwenye unavutaka kuku kila saa, njo jibu yako.

Fimbo mbili za kuchakaa unaweza kuziunganisha, lakini fanya ku enclume. Ukiziunganisha ku meza ya kazi ya kawaida uchawi wote unapotea, na hii nimeona ikiliza mutu.

17. Fimbo ya mwisho kabisa iko namna gani?

Chance de la mer 3, Appât 3, Solidité 3 (mu Kiingereza Unbreaking), Raccommodage. Zote ine zinaikala pamoja, hazigombane. Batu ya zamani banasemaka Appât inapunguza hazina. Ilikuwaka kweli mu versio za mbele ya 1.9, leo hapana.

Solidité 3 inafanya fimbo idumu kama mara ine. Lakini ile yenye inabadilisha maisha ni Raccommodage: kila kuvuta unapata XP (pointi za uzoefu) kati ya 1 na 6, kila XP inarudisha nguvu 2, na kuvuta kumekula 1 tu. Ata siku ya bahati mubaya unapata kushinda yenye umepoteza. Fimbo haivunjike tena, bita imeisha. Kama hauna, anza na Solidité na uvue mpaka kitabu itoke.

Na hapana, fimbo mbili mu mikono mbili hazikupe boya mbili. Boya moja kwa mutu.

## Serveri, konekisho, na bantu bengine

18. Boya ilizama, niliklika, sikupata kitu. Ni lagi, konekisho kuchelewa?

Inaweza kuwa. Uko na sekunde 1 mpaka 2, na serveri njo inahesabu, si ekrani yako. Kama konekisho yako inachukua nusu sekunde kwenda na kurudi, boya ilizama kwa serveri kabla ya wewe kuona, kiisha kliki yako nayo inasafiri. Bado unaweza, lakini vuta palepale, usikunywe chai. Jioni wakati mutaa muzima iko ku video, mi navuaka kwa macho ku mapovu: ikifika karibu na boya nashatayarisha kidole.

Kitu ingine ni serveri yenyewe. Inapaswa kupiga hatua 20 kwa sekunde. Batu bakiwa bengi na mashine za kuku zikitembea, inashuka, na saa za boya zinahesabiwa na zile hatua, si na saa ya ukutani. Ikishuka 10, sekunde 15 yako inakuwa 30. Kwa hiyo punguzeni kuku.

19. Umeme ikikatika nikiwa navua napoteza fimbo?

Fimbo hapana. Boya inapotea na ile kuvuta imeenda, basi. Boya inapoteaka pia ukienda mbali nayo kupita bloki 32, ao ukibadilisha kitu mu mukono.

20. Nilivuta kitabu na jirani akaichukua! Ni wizi?

Kwa mchezo hapana, kwa sisi eeh. Kitu yenye umevuta inaruka hewani kutoka boya mpaka kwako, na mwenye atasimama mu njia yake anaweza kuiokota. Invantere yako (mufuko wa bitu byako) ikijaa inaanguka chini pia na kisha dakika 5 inapotea. Vua bila mutu karibu yako, acha fasi mu invantere, na mwenye alichukua kitabu arudishe. Wakubwa banajua.

Kuvuta mutu na fimbo inawezekana, boya ikimushika anavutwa kwako. Ku daraja ya juu ya lava tumekataza.

21. Naweza kuacha ordi ivue yenyewe nikilala?

Zile mashine za zamani bado zinakamata samaki na takataka, lakini nyingi zinavua mu tundu ya bloki moja, kwa hiyo tangu 1.16 hazina hakuna, sababu iko ku swali ya 14. Ku serveri yetu hapana. Mutu mwenye amelala anakula nafasi ya mwenye ameamuka, na umeme ya usiku ni ya friji ya mama.

## Samaki zote hizi nizipeleke wapi

22. Kuko mwenye ananunua?

Mwanakijiji mvuvi. Weka pipa karibu na mwanakijiji mwenye hana kazi na anakuwa mvuvi. Mwanzo ananunua nyuzi 20 kwa emerodi 1, ile jiwe ya kijani yenye banakijiji banalipaka nayo. Kadiri anakomaa anachukua kodi mbichi 15, kiisha samoni 13, kiisha za tropiki 6, na mwisho samaki ya kuvimba 4, kila mara kwa emerodi 1. Bamama ya soko ya Kituku banaweza kucheka hizi bei.

Njia zingine: samaki ya kuvimba inatengeneza dawa ya kupumua ndani ya maji. Paka wa kijiji mwenye hana mwenyewe unamufuga na kodi ao samoni mbichi, lakini mukaribie pole pole, ukikimbia anakimbia.

23. Gamba za nautilus nikusanye ngapi?

Nane, pamoja na moyo wa bahari moja, unatengeneza conduit, ile ya kupumua na kuona muzuri chini ya maji. Moyo wa bahari hautoke ku fimbo, ni wa sanduku ya hazina ya kufukiwa. Kwa gamba: na Chance de la mer 3 ni kama moja kwa kuvuta mara 53, kwa hiyo nane ni kama mara 425. Na Appât 3, ukihesabu mapovu na kutupa tena, ni kama sekunde 12 kila moja, inafika karibu saa moja na nusu ya kuvua bila kusimama. Ukikuwa na bateri ya ordi ya saa moja, jua mapema.

24. Naweza kuvua mu lava? Na ku Nether?

Boya inaungua. Ku Nether, ile dunia ya moto ya mchezo, maji inakauka ukiimwanga, kwa hiyo hakuna fasi ya kutupa. Hii swali inaletwaka na batu ya Goma tu, sijui juu ya nini, sisi njo batu benye tumeona lava inapita mu barabara na hakuna mwenye aliona samaki ndani.